Ametoka salama thieta, anaharibikiwa wodini: tumwangalieje usiku tukiwa wauguzi 2?

Usingizi_Wilayani (ameuliza)

Habari za kazi wakuu. Swali langu ni la saa 24 za kwanza baada ya upasuaji, hasa usiku, kwenye hospitali ya ngazi ya wilaya.

Mazingira ni haya: wodi ya vitanda 40, wauguzi 2 kwa zamu ya usiku, oksimita (kifaa cha kupima oksijeni ya damu kidoleni) 2, mashine ya presha ya kupampu kwa mkono 1 na ya betri 1, konsentreta ya oksijeni ya lita 5. ICU (wodi ya mahututi) hakuna. Chumba cha kuzindukia kipo, ila mgonjwa hakai humo, anapitishwa tu kwa sababu meza inasubiriwa. Kazi kubwa ni upasuaji wa kujifungua kwa ganzi ya mgongo, halafu ngiri, halafu matumbo ya dharura: kidole tumbo kilichopasuka, utumbo uliojisokota, utumbo uliotobolewa na taifodi.

Chati inasema vipimo kila baada ya saa 4 kwa wote. Kwa wauguzi 2 haiwezekani, kwa hiyo chati inajazwa kwa mkupuo karibu na kukabidhi zamu.

Kinachonisukuma kuuliza ni utafiti wa ASOS (African Surgical Outcomes Study, wa matokeo ya upasuaji Afrika), ule ulioongozwa na Profesa Bruce Biccard, wakati huo daktari wa usingizi wa Chuo Kikuu cha Cape Town, uliotoka kwenye jarida la Lancet mwaka 2018. Nchi 25 za Afrika, Tanzania, Kenya na Uganda zikiwemo, hospitali 247, wagonjwa 11,422. Waliofariki ni 239, sawa na asilimia 2.1, na kati yao 225 walifariki baada ya siku ya upasuaji kupita. Maana yake mgonjwa anamaliza meza akiwa hai na tunampoteza kitandani. Lakini wenyewe tena wakafanya ASOS-2, hospitali 332 katika nchi 28, wakaongeza uangalizi kwa wagonjwa wenye hatari kubwa, na matokeo yaliyotoka 2021 yanaonyesha vifo havikupungua.

Sasa nauliza: nani aangaliwe zaidi, mara ngapi, na muuguzi aambiwe aite kwa namba zipi? Na je, baada ya ASOS-2 kuna sababu ya kuhangaika na uangalizi?

---

Ganzi_na_Pumzi

Nianze na swali la mwisho maana ndilo linalokatisha watu tamaa.

ASOS-2 ilijaribu mambo matano: kumlaza mgonjwa mahali penye uangalizi wa juu kuliko ilivyopangwa, kuongeza idadi ya vipimo, kumpa kitanda kinachoonekana kutoka meza ya wauguzi, kuruhusu ndugu abaki naye, na kuweka mwongozo wa uangalizi pembeni ya kitanda. Yote ni mambo ya kuona. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloleta damu, linalomwamsha daktari wa upasuaji au linalofungua thieta saa 8 usiku. Mimi nausoma hivi: uangalizi peke yake hautoshi. Ukiona mapigo 130 ukayaandika vizuri kwenye chati, na hatua ikachukuliwa saa 3 asubuhi, umeandika tu namna alivyofariki. Kwa hiyo usiache uangalizi, ila usiupange kabla hujapanga nani anakuja akiitwa, kwa simu ya nani, yenye vocha ya nani, na akifika anakuta nini kwenye kabati.

Sasa hesabu. Seti moja ya vipimo ikifanywa kwa uaminifu, yaani pumzi, mapigo, presha, oksijeni, fahamu na joto, iwekee dakika 5 pamoja na kuandika. Wagonjwa 40 ni dakika 200. Muuguzi mmoja akianza saa 4 usiku anamaliza saa 7 na dakika 20 bila kutoa dawa hata moja. Ndiyo maana chati inajazwa kwa mkupuo, na kumgombeza muuguzi hakubadilishi hesabu. Wagonjwa 6 ni dakika 30. Hiyo inafanyika kila saa.

Basi chagua vitanda 6 vilivyo mbele ya meza ya wauguzi, viwe vya kazi hiyo tu, na uamuzi wa nani analala hapo ufanywe na mtu wa usingizi kabla mgonjwa hajatoka thieta, usiachiwe wodi. Anayestahili ni huyu: tumbo lolote la dharura, mama aliyepoteza zaidi ya lita 1 wakati wa upasuaji, au aliyekuwa na kondo lililotangulia, lililobanduka mapema, au kizazi kilichopasuka, mwenye kifafa cha mimba au dalili zake kali, yeyote aliyepewa mofini au petidini ndani ya saa 4, mwenye ASA 3 na kuendelea (daraja la hali ya afya ya mgonjwa kabla ya usingizi), na yeyote aliyekusumbua mezani hata kama mwishoni alitulia. Huyo wa mwisho watu humsahau. Presha iliyoanguka mara tatu chini ya ganzi, ukairudisha kwa efedrini, ni taarifa, si jambo lililokwisha.

ASOS wana kikokotoo chao kinachotumia umri, ASA, udharura, ukubwa, aina na sababu ya upasuaji. Alama 10 na zaidi ndiyo hatari kubwa. Kitumie ukiwa nacho kwenye simu, ila usikisubiri.

Ratiba kwa hao 6: kila dakika 15 kwa saa 1 ya kwanza, kila dakika 30 kwa saa 2 zinazofuata, kila saa mpaka asubuhi. Wengine 34: vipimo kamili mara mbili usiku kwa waliopasuliwa siku hiyo, na kwa waliobaki kupita na kuongea nao. Andika hivyo kwenye chati waziwazi. Chati inayodai kisichowezekana inafundisha watu kudanganya.

Namba za kuita, ziandikwe kwa kalamu nene juu ya chati ya kila mmoja: pumzi chini ya 10 au 25 na zaidi kwa dakika, mapigo chini ya 50 au zaidi ya 120, presha ya juu chini ya 90, oksijeni chini ya 92, haamki kwa kuitwa jina, mkojo chini ya ml 30 kwa saa, saa 2 mfululizo. Halafu ongeza moja ambayo haihitaji kukumbuka chochote: *mapigo yakiwa mengi kuliko namba ya juu ya presha, ita*. Mapigo 112 kwa presha 104/70, kila namba peke yake inavumilika. Zikikaa pamoja hivyo, huyo anavuja mpaka ithibitike vinginevyo.

Kuhusu chumba cha kuzindukia, hapo sikubaliani na utaratibu wa kumpitisha. Dakika 30 ni za lazima kwa aliyepewa nusu kaputi. Asitoke kabla hajainua kichwa mwenyewe kutoka kwenye mto na kukishikilia kwa sekunde 5, kabla hajakohoa kwa nguvu, na kabla oksijeni haijakaa 94 au zaidi bila kusaidiwa kwa dakika 10. Akiinua kichwa kikaanguka baada ya sekunde 2, dawa ya kulegeza misuli bado imo mwilini. Atapumua vizuri akichokonolewa na kusemeshwa njiani, atafika wodini, atatulia gizani, ataacha. Kama meza inasubiriwa, basi mgonjwa wa pili asubiri. Hilo ndilo jambo gumu kusema mbele ya daktari wa upasuaji, na ni la mtu wa usingizi kulisema.

---

Sista_wa_Zamu

Nakubali hesabu ya hapo juu. Naongezea kwenye vipimo vyenyewe, maana namba ya uongo ni mbaya kuliko kutopima.

Pumzi: chukua chati 10 za wodi yoyote uangalie safu ya pumzi. Utakuta 20, 20, 18, 20. Watu hawahesabu, wanakadiria. Na pumzi ni kati ya vipimo vinavyobadilika mapema, kwa damu inayopotea, kwa maambukizi na kwa mofini. Hesabu dakika nzima, sekunde 60, si 15 mara 4: ukikosea moja kwa sekunde 15, umekosea 4. Usimwambie mgonjwa kwamba unahesabu pumzi, ataanza kupumua kwa kujipangia. Shika kifundo cha mkono kana kwamba unapima mapigo, macho yawe kifuani. Shuka likiwa zito, weka kiganja chepesi juu ya tumbo, mbali na kidonda.

Oksimita: huku Pwani mama anaingia na hina vidoleni. Hina nyekundu kwa kawaida haisumbui sana. Tatizo ni ile nyeusi, na piko. Mwanga haupiti vizuri, kifaa kinakataa kusoma au kinatoa 85 kwa mtu anayepiga soga. Usiikwangue hina ya watu. Geuza kibanio kikae kwa ubavuni, mwanga upite upande hadi upande wa kidole badala ya kupita ukuchani, au bana ndewe ya sikio. Kidole cha baridi pia hudanganya: kisugue, kipashe moto kwenye kiganja chako dakika 1. Na angalia kwanza kama mapigo yanayoonyeshwa na oksimita yanalingana na yale unayoyahesabu kwa mkono. Yasipolingana, namba ya oksijeni usiiandike.

Jambo lingine: mgonjwa akiwa kwenye oksijeni, 98 haikuambii anapumua vizuri. Anaweza kupumua mara 6 kwa dakika, hewa chafu inajaa, na oksimita bado inasoma 97 kwa sababu ya oksijeni unayompa. Ukiwa na vifaa 2 tu, bora ukose oksimita kuliko kukosa saa yenye mshale wa sekunde.

Presha: mkanda mdogo kwenye mkono mnene hutoa namba ya juu kuliko ukweli. Kwa mama mwenye mwili, mkanda wa kawaida unaweza kukuficha presha iliyoanguka.

---

Usingizi_Wilayani

Asanteni sana. Hiyo ya mapigo kuzidi presha naibandika ukutani.

Naomba tuingie kwa undani kwenye upasuaji wa kujifungua, maana ndio wengi. ASOS wenyewe walikuta theluthi moja ya upasuaji wote ni huo, na uchambuzi wao wa akina mama uliotoka 2019 ulionyesha vifo mara 50 ya vile vya nchi tajiri. Mama ana miaka 24, hana ugonjwa, ametoka na presha 110/70. Ni dalili gani ya kwanza, na nifanye nini kabla daktari hajafika?

---

Mkunga_Mwandamizi

Huyo wa miaka 24 ndiye anayetupoteza maboya, kwa sababu mwili wake una akiba. Mjamzito wa miezi 9 ana damu nyingi kuliko kawaida; anaweza kupoteza lita 1 na nusu presha ikabaki ya kuridhisha, halafu ikaporomoka ndani ya dakika chache. Ukisubiri presha umechelewa. Mapigo ndiyo yanaanza: 84, 96, 104, 112. Angalia mwelekeo. Namba nne zinazopanda ni habari hata kama hakuna hata moja iliyofika 120.

Ganzi ya mgongo nayo inaficha. Kwa saa 2 hadi 4 hasikii tumbo, kwa hiyo damu ikijaa ndani halalamiki. Anachosema ni "nasikia kiu", au "bega linauma", au anahangaika tu kitandani. Bega kuuma, hasa akilala chali, damu inaweza kuwa imefika chini ya kiwambo cha kifua. Kiu baada ya upasuaji ni ya kawaida. Kiu pamoja na mapigo yanayopanda na viganja baridi si ya kawaida.

Kila ukimpima, fanya mambo matatu kwa mikono yako. Gusa mfuko wa uzazi kwa upole kutokea pembeni, juu ya bandeji: unatakiwa uwe mgumu kama paji la uso, usawa wa kitovu au chini. Ukiwa laini kama shavu, au umepanda juu ya kitovu, umelegea au una mabonge ndani. Pili, fungua shuka, mgeuze ubavu, angalia *chini yake*. Damu inapita katikati ya makalio na kukusanyika mgongoni; pedi ya mbele inaweza kuwa safi. Tatu, angalia mfuko wa mkojo.

Kukadiria damu kwa macho tunakosea wote, na karibu kila mara kwa kupunguza. Nunua mzani wa jikoni wa dijiti. Pima pedi kavu, pima iliyolowa, toa. Gramu 1 ihesabu ml 1. Pedi kavu ya gramu 30 ikipima 280, ni ml 250 hiyo moja.

Akivuja, ita kwanza, halafu usisubiri:

Sugua mfuko wa uzazi hadi ukaze, toa mabonge. Weka kanula ya pili, kubwa, namba 16, na wakati huohuo vuta damu ya kupima kundi na kuoanisha. Oksitosini (ya kukaza mfuko wa uzazi) uniti 20 kwenye lita 1 ya Ringa au salaini, matone 60 kwa dakika. Usisukume uniti 10 kwa mkupuo mshipani kwa mama ambaye presha imeshaanguka. Oksitosini yenyewe inapanua mishipa na itamwangusha zaidi. Asidi ya traneksamiki (ya kuzuia damu kuvuja) gramu 1 mshipani, polepole kwa dakika 10, na iwe ndani ya saa 3 tangu mtoto atoke. Utafiti wa WOMAN wa 2017, wanawake zaidi ya 20,000, ndio ulioonyesha kwamba muda ni kila kitu hapo: baada ya saa 3 faida imekwisha. Kama bado anavuja baada ya dakika 30, rudia gramu 1. Mfuko ukiendelea kulegea, misoprostoli maikrogramu 800 chini ya ulimi. Mfunike blanketi, maana damu ya mtu aliyepoa haigandi vizuri, na usimwage lita 3 za maji baridi ukidhani unamsaidia.

Kama maabara imefungwa, damu yake ipime kuganda kitandani. Vuta ml 2, tia kwenye kichupa kidogo cha kioo, kikavu na kisafi, kisicho na dawa. Kifumbate kiganjani kipate joto la mwili wako. Baada ya dakika 4 kiinamishe taratibu uone kama donge linaanza, kisha rudia kila dakika moja. Ikifika dakika 7 hakuna donge, au donge ni laini linalovunjika ukikigeuza, damu yake haigandi na anahitaji damu nzima mbichi au plazima, si maji. Kichupa cha plastiki hakifai kwa kazi hii, damu huchelewa kuganda humo.

Na mapema amua: aliyefungwa mshono wa kizazi nusu saa iliyopita, mfuko wake ni mgumu, ukeni hakutoki kitu, lakini mapigo yanapanda na tumbo linajaa, huyo anavuja ndani. Hakuna dripu inayotibu hilo. Anarudi mezani.

---

Ganzi_na_Pumzi

Nimeona traneksamiki imetajwa, na hapa lazima niseme kitu kwa wanaofanya kazi thieta. Ampuli za traneksamiki na za bupivakeini (dawa ya ganzi) za baadhi ya watengenezaji zinafanana umbo, ukubwa na rangi ya maandishi. Kuna wagonjwa waliochomwa traneksamiki mgongoni badala ya ganzi, na wengi wao hupata degedege, karibu nusu hufariki. WHO ilitoa tahadhari juu ya hili mwaka 2022. Traneksamiki isikae kabisa kwenye trei au droo ya dawa za ganzi. Iweke upande wa dawa za kuvuja damu, pamoja na oksitosini iliyotoka kwenye friji. Na ampuli ya mgongoni isomwe kwa sauti na watu wawili kabla ya kuvunjwa.

Pia, akirudi mezani huyo anayevuja ndani, usimrudie kwa ganzi ya mgongo. Mishipa yake imejikaza ili aishi. Ukiilegeza moyo unasimama. Ketamini, kwa dozi iliyopunguzwa, mg 0.5 hadi 1 kwa kilo, bomba la hewa, na efedrini ikiwa imeshavutwa mkononi.

---

Famasia_Hospitali

Naongezea upande wa dawa za maumivu, maana watu wanaogopa mofini kiasi cha kumwacha mgonjwa wa tumbo analia, na mwenye kidonda cha tumbo asiyekohoa wala kuvuta pumzi ndefu anapata nimonia siku ya tatu.

Msingi uwe parasetamoli gramu 1 kila saa 6 kwa ratiba, si "akiuma". Kwa aliye chini ya kilo 50 ni mg 15 kwa kilo. Juu yake diklofenaki mg 75 kwenye msuli kila saa 12, isizidi mg 150 kwa siku, ila si kwa anayevuja, mwenye figo mbovu, asiyetoa mkojo, mwenye vidonda vya tumbo, wala mwenye kifafa cha mimba ambaye mkojo umepungua. Watu huandika diklofenaki kwa wote kama sala. Huyo wa taifodi aliyeingia amekauka maji siku nne, diklofenaki itamalizia figo zake.

Mtu wa usingizi akitia bupivakeini kwenye kidonda au kwenye ukuta wa tumbo, saa 6 hadi 12 za kwanza zinakuwa nyepesi kabisa. Ya asilimia 0.25, ml 20 kila upande, inatosha. Kikomo ni mg 2 kwa kilo: ml 40 za asilimia 0.25 ni mg 100, kwa hiyo mgonjwa wa kilo 50 amefika ukomo. Wa kilo 42 punguza.

Mofini ya mshipani itolewe kwenye chumba cha kuzindukia, si wodini. Soma ampuli, kuna za mg 10 na za mg 15. Ya mg 10 iongeze salaini ifike ml 10, kila ml ni mg 1. Toa ml 2 kila dakika 5 mpaka aweze kukohoa bila kukunja uso. Mzee toa ml 1 moja. Baada ya dozi ya mwisho akae dakika 20 mbele ya macho yako.

Wodini kinachotangulia hatari ni usingizi, pumzi hufuata. Mgonjwa anayesinzia katikati ya sentensi usimwongezee, hata kama pumzi ni 14. Na kukoroma baada ya mofini si usingizi mtamu, ni njia ya hewa inayoziba. Mlaze ubavu, inua kidevu, mpe oksijeni, mwamshe. Haamki na pumzi ziko chini ya 8: mfuko wa kupumulishia kwanza, dawa baadaye. Naloksoni (ya kuzima nguvu ya mofini) maikrogramu 400 iongeze salaini ifike ml 10. Toa ml 1 hadi 2 kila dakika 2 mpaka pumzi zivuke 10. Ukisukuma ampuli nzima ataruka na maumivu yote kwa mara moja, presha itapaa. Nguvu ya naloksoni inaisha ndani ya saa 1 hivi, mofini bado ipo. Usimrudishe kitanda cha mwisho kule ukutani kwa sababu amefungua macho.

Petidini mimi ningeiacha kama mofini ipo. Mabaki yake yanakaa mwilini muda mrefu, yanaleta mitetemo na degedege dozi zikirudiwa, hasa figo zikiwa hazifanyi kazi vizuri, na mtoto anayenyonya analegea.

---

Sista_wa_Zamu

Kuhusu ndugu, nina mtazamo tofauti kidogo na wale wanaowafukuza wote saa 1 jioni. Kwa vile vitanda 6, ruhusu ndugu mmoja, mtu mzima, asiyebadilishwa usiku huo. Hapimi kitu. Anafundishwa kwa dakika 2, kwa vitendo, mambo manne ya kuja kumwita muuguzi mbio: damu imelowesha shuka, anakoroma au anapumua kwa tabu, umemwita jina hajajibu, anahangaika na kutaka kuvua nguo. Mwambie ayarudie kwa maneno yake. Na mwambie waziwazi kwamba hatagombezwa akiita bure, kwa sababu ndugu wengi wanaona hatari wakanyamaza kwa heshima: "sista alikuwa na kazi nyingi". Ukimkaripia mara moja, usiku huo hataita tena.

Na kuanzia siku ya 3 msisahau maambukizi. Kwenye ASOS ndiyo tatizo lililowapata wengi, mgonjwa 1 kati ya 10. Aliyeungwa utumbo, siku ya 5 hadi 7, mapigo yasiyoshuka chini ya 100 na pumzi 24 zinatangulia homa na zinatangulia tumbo kuwa gumu. Wakati huo ameshahamishiwa kitanda cha mwisho na chati yake haina namba hata moja. Mrudishe mbele.

---

Usingizi_Wilayani

Nashukuru mno. Nimeshachora ramani ya vitanda 6 na nimeanza kuandika orodha ya kabati. La mwisho: umeme ukikatika konsentreta inazima. Mtungi mmoja wa saizi E unanipa muda gani, nao wagonjwa 2 wanahitaji oksijeni?

---

Ganzi_na_Pumzi

Mtungi wa E uliojaa una lita 680. Wawili kwa lita 2 kila mmoja ni lita 4 kwa dakika, yaani dakika 170, chini kidogo ya saa 3. Mmoja kwa lita 2 ni saa 5 na dakika 40. Geji ikionyesha nusu, gesi ni nusu, gawanya hesabu kwa 2. Ukifika robo badilisha, usingoje sindano iguse sifuri.

Kugawanya kwa wagonjwa 2 unahitaji kigawanyio chenye flomita (vipima mtiririko wa gesi) mbili. Ukiunganisha mirija kwa kiungo cha kawaida cha umbo la T, gesi inakwenda kwa mwenye mrija usiokunjika na mwingine anabaki na kelele tu. Wengi waliopasuliwa wanatosheka na lita 1 hadi 2 kwa mrija wa puani. Lenga 94, ukiona 99 punguza, hiyo ni oksijeni ya mwenzake.

Spana ya kufungulia mtungi ifungwe kamba kwenye mtungi wenyewe. Na kila jioni, kabla zamu ya mchana haijaondoka, ufunguliwe usikike unatoa hewa, geji isomwe, namba iandikwe ukutani pale pale.